Nani Atazinasa Sauti Zao?

Rafiki yangu aliniletea folda ya video za harusi yake, akaniomba nimsaidie kuziunga ziwe kitu kimoja cha kutazamika. Hakuwa amemlipa mpiga video. Wageni walikuwa wengi, kila mmoja na simu yake, na simu za siku hizi zinatoa picha safi, akaona inatosha. Baada ya sherehe aliwaomba wote wamtumie walichonacho, nao hawakumwangusha. Folda ilikuwa nzito.

Jioni nikaanza kuzifungua.

Maharusi wanaingia. Maharusi wanaingia tena, safari hii kutoka upande wa kushoto. Maharusi wanaingia, na kisogo cha mtu kimeziba nusu ya picha. Halafu pete, kutoka kila pembe ya ukumbi. Halafu watu wanacheza, picha ikiyumba kwa sababu mpigaji naye anacheza.

Nikaitafuta hotuba ya baba yake. Nilikuwepo siku ile. Mzee alizungumza bila karatasi, akaelezea mambo ya utotoni mwa binti yake ambayo hata mimi niliyekua naye sikuwa nimewahi kuyasikia, na ukumbi mzima ulitulia. Katika folda nzima nilikuta vipande viwili tu vya hotuba hiyo. Kimoja kinakatika kabla hajamaliza kusalimia wageni. Cha pili kilichukuliwa kutoka meza ya nyuma kabisa, na kinachosikika vizuri ni watu wawili wakiulizana gari wameegesha wapi.

Rafiki yangu alikuwa amekaa pembeni akinisubiri niseme nimeipata.

Haikuwepo.

Tangu jioni hiyo suala la kumlipa au kutomlipa mpiga video limekuwa likinirudia kila nikifungua daftari letu la maandalizi. Kwa sababu na mimi naolewa, na katika daftari hilo mstari wa mpiga video ulikuwa umeshafutwa.

## Wote walirekodi kitu kilekile

Nimefikiria sana kwa nini watu wengi kiasi kile, wenye vifaa vizuri kiasi kile, waliikosa hotuba. Si uzembe. Mgeni huinua simu anapojua kuna jambo linakuja: mlango unafunguliwa, pete inatolewa, muziki unabadilika. Jambo linalotangazwa hurekodiwa na kila mtu. Hotuba haina kilele kinachojulikana mapema. Inaanza na salamu, inaenda, inarudi, na sentensi itakayokumbukwa miaka yote inatokea katikati bila kupiga hodi. Kufikia hapo mkono umechoka na simu imerudi mezani.

Tena mgeni ni mgeni. Amealikwa aje kushuhudia na kufurahi, si kufanya kazi. Ukimwambia rafiki yako wa karibu, "Wewe utaturekodia kila kitu," umemwondoa kwenye kiti chake. Atakuwepo, lakini ataiona harusi yako kupitia kioo cha simu, huku akiangalia chaji.

Kuna utafiti ninaoukumbuka kila mjadala huu unapoibuka. Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya ndani ya jumba la makumbusho: watu waliopiga picha vitu walivyooneshwa walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyoviangalia tu. Walipotakiwa kuvuta picha karibu kwenye sehemu moja ya kitu, upungufu huo haukuonekana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, watafiti wengine wakaja na matokeo yaliyonigusa zaidi. Waliopiga picha kwa hiari yao walikumbuka vizuri zaidi walichokiona, ila walichokisikia walikikumbuka kwa uchache kuliko wasiopiga picha.

Hilo la pili nililisoma upya baada ya kuifunga folda ya rafiki yangu. Ukumbi uliojaa simu zilizoinuliwa una watu wengi wanaoona vizuri na wanaosikia nusu.

## Hoja ya mwenzangu

Mwenzangu ndiye aliyeufuta ule mstari, na hakuufuta kwa ubahili.

Amewahi kusimama na maharusi katika sherehe ambayo mpiga video aliigeuza kuwa mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Waliambiwa watoke nje waingie upya kwa sababu taa haikukaa sawa. Waliambiwa washikane mikono tena, waangaliane tena, wacheke. Kuna wakati maharusi walikuwa wakimtazama mpiga video kabla ya kufanya jambo lolote, wakisubiri ruhusa yake.

"Sitaki siku yetu iongozwe na mtu ambaye hata jina letu ameliandika kwenye kalenda tu," aliniambia. "Nataka nikikuangalia, nikuangalie wewe."

Nilinyamaza, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kubisha. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote zinazotolewa dhidi ya kuajiri mpiga video, nzito kuliko ya pesa. Pesa ukizikosa unajua umekosa nini. Lakini siku ikishaendeshwa kwa ajili ya kamera, unachobaki nacho ni rekodi nzuri ya siku ambayo hukuiishi.

Aliongeza nyingine: hizo video nani hutazama? Wangapi tunawafahamu ambao wameitazama video yao ya harusi zaidi ya mara mbili? Picha iko ukutani, unaipita kila asubuhi. Video inahitaji ukae, uwashe kitu, utenge muda.

Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wake kabisa.

## Mkanda wa mama

Kilichonitoa huko ni mama.

Nilimsimulia habari ya hotuba iliyopotea, bila kumwomba ushauri wowote. Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na mkanda wa VHS ndani ya kasha lililopauka. Harusi yake. Nilijua upo, ila sikuwahi kuuona ukichezwa. Deki yetu iliharibika nikiwa mdogo na haikununuliwa nyingine. Mfumo wa VHS uliingia sokoni Japani mwaka 1976, ukatawala majumbani dunia nzima, na kiwanda cha mwisho kinachojulikana kutengeneza deki zake, cha kampuni ya Funai, kiliacha mwaka 2016. Mikanda imebaki kwenye makabati bila mashine ya kuisoma, na sumaku iliyobeba picha inazidi kufifia kadiri miaka inavyokwenda.

Tulimpata fundi anayehamisha mikanda kuwa faili za kompyuta. Picha zilizotoka ni za kuhurumia. Rangi zimechuruzika nje ya mipaka yake, mistari inakatiza skrini, sura za watu wa nyuma hazitambuliki. Sauti ilikuwa na mvumo, lakini maneno yalieleweka.

Nilidhani mama angejiangalia yeye, gauni lake, ujana wake. Alijiangalia kidogo tu. Kisha ikaja sehemu ambayo kaka yake mkubwa anawatania maharusi. Mjomba huyo alifariki kabla sijazaliwa. Ninamjua kwa picha moja, amesimama wima, hatabasamu.

Katika mkanda anacheka.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," mama akasema. Nikarudisha. "Tena." Hakuwa akiangalia skrini. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika.

Mimi nilimsikia mjomba wangu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ana namna ya kuvuta pumzi kabla ya kumalizia utani ambayo kaka yangu anayo vilevile, na kaka yangu hakuwahi kumwona.

Mwenzangu alikuwepo. Hatukujadili chochote jioni ile, ila njiani kurudi aliniuliza swali ambalo lilibadilisha mazungumzo yetu yote yaliyofuata: "Hivi sisi tunataka video, au tunataka kuwasikia watu?"

## Sauti ilitangulia picha

Swali lake lina historia ndefu kuliko nilivyofikiri. Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionesha filamu zao kwa umma uliolipa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Yaani binadamu aliweza kuhifadhi sauti miaka 18 kabla ya onesho lile, na picha zile zilizotembea zilikuwa bubu.

Mwaka 1878 Edison aliandika makala akiorodhesha matumizi ambayo chombo chake kingeweza kuwa nayo. Miongoni mwao aliweka kumbukumbu ya familia: kuhifadhi misemo na simulizi za wanafamilia kwa sauti zao wenyewe. Muziki ulikuwa kitu kimoja tu katika orodha ndefu.

Tukapoteza hamu hiyo mahali fulani, nadhani, kwa sababu kamera zilizidi kuwa nzuri na kila mwaka zikatangazwa kwa ukali wa picha. Leo mtu akikuuza huduma ya video ya harusi atakutajia 4K, yaani picha kali yenye nukta 3840 kwa 2160, droni, na mwendo wa taratibu. Mara chache atakutajia maikrofoni.

## Kwa nini simu haisikii

Baada ya swali lile nilianza kusoma na kuuliza mafundi mitambo kuhusu sauti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi wetu ulipofanyika.

Sauti hupungua haraka mno kadiri unavyokwenda mbali na anayezungumza. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inapungua kwa takriban desibeli 6. Anayekula kiapo kwa sauti ya chini mbele ya ukumbi, hadi afikiwe na simu iliyo safu ya kumi, ameshazidiwa na mtu anayekohoa safu ya tisa. Ndani ya ukumbi kuna jingine: sauti inagonga kuta na dari na kurudi ikiwa imechelewa kidogo, maneno yanapandana. Masikio yetu na ubongo vinajua kuchuja hayo. Maikrofoni haichuji hivyo, inachukua kila kinachoifikia.

Simu nayo inajaribu kusaidia, na msaada wake ndio unaoharibu. Pakiwa kimya inajiongezea nguvu ya kusikia, hivyo unapata mvumo wa feni na viti vinavyosogezwa. Watu wakipiga makofi inalemewa, sauti inapasuka. Sekunde chache za ukimya kabla ya mtu kusema ndiyo, zile ambazo ukumbini tuliziona ni kimya kitupu, kwenye simu zinakuwa na kelele kuliko zote.

Unaweza kuweka kinasa sauti kando na kurekodi picha kwa simu, kisha uviunganishe. Watu wengi wanafanya hivyo na inawezekana. Ila simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu, yaani picha zinazounda video, kwa sekunde kulingana na mwanga na joto, hivyo ukiunganisha na sauti iliyorekodiwa na chombo kingine, mwanzoni mdomo na maneno vinakwenda pamoja, halafu kadiri hotuba inavyorefuka vinaachana. Kurekebisha hilo ni kazi ya mtu mvumilivu sana.

Mpiga video anayejua kazi yake analitatua kabla halijatokea. Anabana maikrofoni ndogo kwenye nguo ya bwana harusi, na hiyo moja huwa inatosha kunasa viapo vya wote wawili kwa sababu wanasimama karibu. Anaweka kinasa sauti kingine kwenye mikisa ya fundi mitambo, mashine inayochanganya sauti za ukumbi, kupata kile kinachopita kwenye vipaza sauti vya ukumbi. Anaacha kingine ukumbini kichukue vicheko na makofi, kwa maana hotuba isiyo na watu wanaoisikiliza inasikika kama taarifa ya habari. Kimoja kikigoma, vingine vipo.

Huyu sasa nilimwelewa. Kwa mara ya kwanza niliona wazi ninachoweza kukilipia.

## Video za dakika nne

Tukaanza kutafuta, na sampuli zikaanza kuja.

Zilikuwa nzuri. Gauni linapepea polepole, mwanga wa jioni unapita kwenye nywele, mikono inashikana, muziki unapanda. Dakika tatu, dakika nne. Nilizitazama nyingi hadi nikashindwa kutofautisha maharusi hawa na wale. Zilinipendeza, na nina uhakika wenyewe wakizitazama wanasikia jambo ambalo mimi siwezi kulisikia.

Lakini hakuna aliyezungumza. Midomo ilifunguka, baba mmoja alifuta machozi akiwa na kipaza sauti mkononi, na juu yake ulipita wimbo. Nilitamani kujua alisema nini.

Na wimbo wenyewe una matatizo yake. YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID, tangu 2007, unaotambua muziki wenye hakimiliki ndani ya video yoyote inayopandishwa. Ukitumia wimbo unaojulikana bila leseni, mwenye haki anaweza kuizuia video yako isionekane. Wapiga video makini hulipia leseni za muziki. Ulizeni.

Tukabadilisha ombi letu. Badala ya sampuli bora, tuliwaomba watupatie hotuba moja nzima waliyoirekodi, bila kukatwa, bila muziki, kwa idhini ya wenyewe. Baadhi hawakujibu. Mmoja alitueleza kwa uungwana kwamba hakabidhi rekodi nzima kwa wateja wake, anatoa filamu fupi peke yake, na malighafi, yaani rekodi zenyewe kabla ya kukatwa, huifuta baada ya muda. Nilimshukuru kwa kutuambia mapema. Malighafi ni mzigo kweli: kamera moja ikirekodi 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inajaza takriban gigabaiti 45 kwa saa, na kamera kwenye harusi huwa mbili au tatu. Sasa najua kwamba jambo hilo lazima liandikwe kwenye mkataba, la sivyo kinachofutwa ni kilekile unachokitaka.

Mwingine alichukua siku chache, akaomba ruhusa kwa familia moja, akatutumia. Hotuba ya shangazi wa mtu tusiyemjua.

Tuliisikiliza tukiwa tumefumba macho wote wawili. Karatasi ikikunjuliwa. Pumzi. Sauti inayotetemeka mwanzoni na kupata nguvu. Mtu mmoja mbali kidogo anaitikia, wengine wanacheka. Tulipofumbua macho mwenzangu akasema, "Huyu mama namfahamu sasa."

## Tulipoonana naye

Hoja ya kamera kuiongoza siku ilikuwa haijajibiwa, na tulikwenda kumwona mpiga video huyo tukiwa nayo. Mwenzangu alimuuliza moja kwa moja: atasimama wapi, atatuambia nini, atatukatiza mara ngapi?

Alisema kamera mbili zitakuwa kwenye stendi za miguu mitatu tangu kabla ya watu kuingia, na ya tatu ataishika mwenyewe akiwa pembeni, na lenzi ndefu inayomwezesha kukaa mbali. Droni hatumii ndani ya muda wa viapo, kwa sababu ya mlio.

"Na ukikosa kitu?" mwenzangu akauliza. "Tukiingia na wewe hukuwa tayari?"

"Kama nimekosa, nimekosa, kaka. Sitawaambia mrudie. Mkirudia si tena ile mliyoingia."

Niliona mabega ya mwenzangu yakishuka.

Mimi nikauliza ya vyombo. Kamera nyingi za picha mnato zilizouzwa kwa miaka mingi zilikuwa zikiacha kurekodi video zikikaribia dakika 30, chanzo kikiwa kanuni za ushuru za Umoja wa Ulaya zilizohesabu kamera inayofikia dakika hizo kuwa kamera ya video. Kamera za namna hiyo bado zinatumika, na hotuba haijui kanuni za ushuru. Zake hazina kikomo hicho, na kila moja inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, kadi moja ikifa nyingine inabaki. Nilimuuliza pia nani atakuja akiugua siku hiyo. Alitupa jibu, na jibu hilo tuliomba liandikwe.

Kuna swali moja aliuliza yeye, nalo lilinipa imani naye kuliko majibu yote. "Dada, nani mnaogopa kumkosa?"

Tukataja watu. Bibi yangu, ambaye anaongea kwa sauti ya chini na hapendi kipaza sauti. Baba yake mwenzangu. Rafiki mmoja aliyetoka mbali. Aliandika majina yote, kisha akasema kwa bibi atakwenda kumsikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake, si jukwaani.

## Anayeweza kusema hapana

Sitaki mtu asome hapa akadhani kila harusi inahitaji mpiga video. Nina msimamo juu ya hili na nitausema.

Kama kumlipa kunamaanisha mkopo, usimlipe. Kama mmoja wenu anaganda mbele ya kamera na hilo litamharibia siku, msikilize huyo. Na kama lazima uchague kati ya mpiga picha na mpiga video, mimi bado ningemchukua mpiga picha kwanza, kisha nikahangaikia sauti kwa njia nyingine.

Njia ipo, hasa sherehe ikiwa ndogo. Simu moja, iliyotulia kwenye stendi, karibu na wanaozungumza kuliko unavyodhani inafaa. Iweke kwenye hali ya ndegeni isipigiwe katikati ya kiapo, ilaze, funga fokasi na mwanga visibadilike, hakikisha nafasi ipo, ichomeke kwenye chaji, mtu asiiguse. Simu ya pili iweke kwenye mfuko wa juu wa anayezungumza, ikirekodi sauti peke yake. Sauti hiyo, hata kama haikupata picha, ni yako. Rafiki yangu angetoa chochote apate hiyo tu.

Ninachokipinga ni kuliacha jambo hili kwa matumaini. Kusema "watu watarekodi" ni kulikabidhi kwa kila mtu, na folda niliyofungua ilikuwa ya kila mtu.

Na ile hoja kwamba video haitazamwi? Ni kweli haitazamwi. Mama hakuutazama mkanda wake kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Thamani ya rekodi hii siipimi kwa idadi ya kutazamwa. Miaka mingi inaweza kupita bila mtu kuihitaji, kisha ikaja siku mtu mmoja akaihitaji kwa dakika moja, na dakika hiyo ikawa haipatikani kokote kwingine.

## Tulichokubaliana

Tumemwajiri kwa saa chache: viapo na hotuba. Asubuhi ya maandalizi hatutaki kamera ya video, na muziki ukianza kuchezwa anaruhusiwa kufunga vyombo na kukaa na wageni. Hatukuchukua filamu fupi. Tuliipunguza hiyo na kumwomba muda wake auweke kwenye kusafisha sauti ya rekodi nzima. Kwa vipimo vya wanaouza huduma hizi tumechagua kifurushi kikavu, lakini ndicho tulichokitaka, na pesa iliyobaki imerudi kwenye mambo mengine.

Kwenye mkataba imo kwamba tutapokea viapo na hotuba bila kukatwa, kila maikrofoni na faili lake, katika muundo wa MP4 unaofunguka kwenye kompyuta ya kawaida. Tutaweka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikikaa nyumba nyingine kabisa. Kaka yangu amekubali kuwa mlinzi wa hiyo ya tatu, pamoja na faili la mkanda wa mama, na kila vyombo vya kuhifadhia vitakapozeeka atahamisha.

Wageni tutawaomba waweke simu chini wakati wa viapo tu. Hapo hatujaafikiana vizuri. Mwenzangu anataka iwe hadi mwisho wa hotuba. Mimi naona kumnyima mtu picha ya mtoto wake akicheka ni kuzidisha. Tutaendelea kubishana.

Bibi ameshaambiwa kwamba kuna kijana atakuja kukaa karibu naye. Ameuliza kama anatakiwa kutayarisha maneno. Nimemwambia hapana, na tayari ameanza kutayarisha.